HERODE ALIKUWA NA JESHI, MTOTO ALIKUWA NA NYOTA

Mwezi wa Januari huwakuta watu wa Nchelenge, katika mkoa wa Luapula nchini Zambia, wakikaa kando ya ziwa lililonyamaza. Mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimekunjwa na kuwekwa ndani, na wavuvi wengi wameshika jembe. Si kwamba Ziwa Mweru limekauka. Mvua ndiyo kwanza zinalijaza. Ni sheria. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana.

Mwenye kuitafakari sheria hiyo ataona somo ndani yake. Serikali ina uwezo wa kufunga nyavu. Ina maafisa, ina mashua za doria, ina mahakama na faini. Lakini hakuna serikali duniani, iwe kubwa namna gani, iwezayo kumwamuru samaki mmoja atage yai moja. Serikali huweza kuzuia mkono wa mwanadamu. Uhai wenyewe watoka kwingine. Mvuvi anayetii sheria hiyo kwa moyo safi huwa ametii mamlaka mbili kwa wakati mmoja: ile inayoweka zuio, na ile inayojaza ziwa gizani pasipo mtu kuona.

Ndani ya miezi hiyo ya ziwa kunyamaza, tarehe 6 Januari, Wakristo wa pwani hiyo na wa dunia nzima huadhimisha Epifania, yaani Sikukuu ya Tokeo la Bwana. Ni sikukuu ambayo aghalabu hupita kimya. Krismasi imekwisha, nguo mpya zimefuliwa mara ya kwanza, mshahara wa Desemba umekwisha kabla ya wakati wake, na wazazi wanahangaika na ada na sare za shule. Hata hivyo, kwa watu wanaovaa sare za taifa na kwa jamaa zao, huenda hakuna sikukuu nyingine ya Kanisa inayowahusu kwa karibu kama hii. Kwani habari yake ni habari ya mfalme, amri, askari, mpaka na wakimbizi.

MAANA YA SIKUKUU

Neno Epifania lina asili ya Kigiriki, na maana yake ni kutokea au kudhihirika. Makanisa ya Magharibi hukumbuka siku hiyo jinsi mamajusi kutoka mashariki walivyoifuata nyota mpaka wakamwona Mtoto Yesu. Makanisa ya Mashariki hukumbuka zaidi ubatizo wake katika mto Yordani. Ndiyo maana ndugu zetu wa Ethiopia hufanya sherehe yao kubwa ya Timkat kando ya maji, kwa kawaida tarehe 19 Januari kwa hesabu ya kalenda yetu. Sehemu nyingi Wakatoliki husogeza Epifania hadi Jumapili iliyo karibu, ili watu wasikose kazini.

Habari ya mamajusi imesimuliwa na Mathayo peke yake, katika sura ya pili ya Injili yake. Yafaa tuisome upya, kwa sababu mengi tunayoyajua kuihusu hayamo. Mathayo hakusema kuwa mamajusi walikuwa watatu. Idadi hiyo ilitokana na zawadi tatu, yaani dhahabu, uvumba na manemane. Wala hakusema kuwa walikuwa wafalme. Hayo yaliongezwa na mapokeo ya baadaye, pamoja na majina yao. Alichosema ni kwamba walikuwa wageni, watu wa taifa jingine na dini nyingine, wenye elimu ya kusoma nyota. Hapo ndipo ulipo uzito wa sikukuu. Watu wa kwanza wa mbali kumtambua mfalme huyu hawakuwa wa kabila lake, wala wa lugha yake, wala wa hekalu lake.

HOFU YA MWENYE NGUVU

Upande wa pili wa habari hii amesimama Herode, naye hakuwa mtu mdogo. Mwaka 40 kabla ya Kristo Baraza la Wazee la Roma lilimtangaza kuwa mfalme wa Wayahudi. Alijenga bandari ya Kaisaria, akaimarisha ngome ya Masada, akalijenga upya Hekalu la Yerusalemu kwa mawe ambayo mengine yapo hata leo. Alikuwa na askari, wapelelezi, hazina, na urafiki wa dola kubwa kuliko zote za wakati ule.

Pamoja na hayo yote, mtu huyu alikuwa halali usingizi. Alimwua mkewe Mariamne kwa shuku. Aliwaua wanawe watatu, wa mwisho akiuawa siku chache tu kabla yeye mwenyewe hajafa mwaka 4 kabla ya Kristo. Basi wageni walipofika wakiuliza yuko wapi mfalme aliyezaliwa, Mathayo asema Herode alifadhaika, na mji wote pamoja naye. Hebu tuyapime maneno hayo. Mfalme mwenye ngome anatetemeka kwa ajili ya mtoto mchanga asiyejua hata kugeuka kitandani.

Herode akawaita wakuu wa makuhani na waandishi. Wao walijua jibu mara moja, kwani walikuwa wamemsoma nabii Mika: ni Bethlehemu. Toka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni mwendo usiozidi kilomita kumi, safari ya asubuhi moja. Lakini hatusomi mahali popote kwamba hata mmoja wao alifunga kiatu akaenda. Wenye vitabu walibaki na vitabu vyao, mwenye upanga akabaki na upanga wake, na wageni wasio na kimoja wala kingine wakashika njia.

PWANI ILIYOONA WAFALME

Watu wa Ziwa Mweru hawahitaji kwenda Yerusalemu ili wamjue Herode. Ziwa lao, ambalo leo limegawanywa na mpaka kati ya Zambia na Kongo, limeshuhudia wenye nguvu wengi wakija na kupita.

Magharibi ya ziwa, huko Bunkeya, alitawala Msiri. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, Msumbwa wa magharibi ya Tanzania, aliyekwenda Katanga kwa biashara na hatimaye akajijengea ufalme wa Garenganze kwa shaba, pembe za ndovu, bunduki na watumwa. Jina lake lilitisha. Mwaka 1891 msafara wa Kapteni William Stairs, uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji na kuchukua wapagazi na askari kutoka Unguja, ulifika kwake na kumtaka akubali bendera ya Dola Huru ya Kongo. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891, siku tano kabla ya Krismasi, aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson.

Lakini tazama mwisho wa washindi. Bodson naye alipigwa risasi papo hapo na mtu wa Msiri, akafa. Stairs alikufa mwezi wa Juni mwaka uliofuata huko Chinde, kwenye mlango wa mto Zambezi, kabla hajaona kwao tena. Na Leopold, aliyetumiwa nchi hiyo kwa gharama ya damu, alinyang'anywa mwaka 1908 kwa aibu ya ukatili uliotendwa humo kwa jina lake. Mfalme aliyeuawa, mwuaji wake, mkubwa wa mwuaji, na mkubwa wa wakubwa: wote wanne hawakuweza kukishika walichokipigania.

Upande wa mashariki, kusini ya Nchelenge, ulikuwapo na ungalipo ufalme wa Mwata Kazembe wa Walunda. Wareno walifika huko mwaka 1798 wakiongozwa na Lacerda, aliyefia huko huko. Daktari Livingstone alifika mwaka 1867, akiandamana na wafanyabiashara wa kutoka pwani yetu. Mwaka 1899, baada ya Mwata Kazembe wa kumi, Kanyembo Ntemena, kukataa kuinamia utawala wa Kampuni ya Waingereza, Alfred Sharpe alimwendea na kikosi cha askari wa Kisingasinga na wa Nyasaland. Mji wa Mwata ulichomwa moto. Vijana wa Kiafrika walitia moto nyumba za Waafrika wenzao kwa sababu waliamriwa. Mwata akavuka mto Luapula, akawa mkimbizi.

MWANAMKE ALIYETANGULIA NJIANI

Hapa ndipo habari inapogeuka. Mwata alipata hifadhi kwenye misheni ya maporomoko ya Johnston, mahali paitwapo leo Mambilima, kwa mmisionari Anderson na mkewe. Hawakuwa na askari wala ngome. Mwaka 1900 ulipofika wakati wa kutafuta amani, swali lilikuwa moja: mfalme aliyefukuzwa kwa moto atarudije mbele ya watu wenye bunduki bila damu kumwagika tena?

Jibu lilikuwa Mama Anderson. Yasimuliwa kwamba mwanamke huyo alitangulia kwa miguu mbele ya msafara wa Mwata, mpaka wakafika. Hakuna risasi iliyopigwa. Mwata akarudi katika kiti chake, na uzao wake ungali ukikikalia hadi leo.

Hapana budi tuseme ukweli wote. Mwanamke yule hakuuondoa ukoloni. Kodi ilikuja, na heshima ya Mwata ilipunguzwa na serikali ya kigeni kwa zaidi ya miaka sitini, hadi Zambia ilipopata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Tena yapo mambo mengi ya wamisionari ambayo Waafrika wana haki ya kuyahoji. Lakini siku ile, katika njia ile, ulionekana uwezo wa namna nyingine kabisa. Kikosi chenye bunduki kilifaulu kuchoma mji, kikashindwa kuleta amani. Mwanamke mmoja asiye na silaha alileta amani kwa kujiweka mwenyewe mahali ambapo risasi ingepita. Hiyo ndiyo tofauti ambayo Epifania huionyesha. Nguvu ya dunia huwatanguliza wengine kwenye hatari. Nguvu ya Mungu hutangulia yenyewe.

Walunda wenyewe hawakuwa wageni wa fundisho hilo. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu humiminika Mwansabombwe kwa sherehe ya Mutomboko. Mwata hucheza ngoma ya ushindi na silaha mkononi, akiielekeza huku na huku, kisha akiielekeza juu mbinguni na chini ardhini. Hufasiriwa kwamba anatangaza hakuna awezaye kumshinda, isipokuwa Mungu aliye juu na ardhi itakayomlaza. Ama kwa hakika, hayo ni mahubiri mafupi kuliko yote, na yanahubiriwa na mfalme mwenyewe mbele ya askari wake.

ASKARI NDANI YA MTUMBWI

Miaka mia moja baada ya Mama Anderson, ziwa lilipata somo jingine. Kaskazini, pale mto Luvua unapotoka ziwani, kuna mji wa Pweto wa upande wa Kongo. Mwanzoni mwa Desemba mwaka 2000, katika vita vya Kongo, mji huo ulitwaliwa na waasi wakisaidiwa na jeshi la Rwanda. Maelfu ya askari wa Serikali ya Kongo walikimbilia Zambia pamoja na raia. Waliofika na bunduki walinyang'anywa mpakani. Mtu aliyeagana na mkewe akiwa na cheo begani alijikuta akipanga foleni ya unga nyuma ya bibi kizee.

Wiki chache baadaye, tarehe 16 Januari 2001, Rais Laurent Kabila, aliyeishi miaka mingi Tanzania na kujua vyema Kiswahili chetu, alipigwa risasi na mlinzi wake mwenyewe ndani ya jumba lake huko Kinshasa. Hayasemwi haya kwa kumsimanga marehemu. Yasemwa kwa sababu kila askari anajua maana yake: ulinzi wote wa dunia, hata uwe wa pande nne, huishia kumtegemea mtu mmoja aliyesimama karibu na mlango. Akigeuka huyo, ngome imekwisha.

WAKIMBIZI WA JANUARI

Mathayo hakuishia kwenye zawadi. Baada ya mamajusi kuondoka, Yusufu alionywa katika ndoto, akaamka usiku, akamchukua Mtoto na mama yake wakakimbilia Misri. Bwana ambaye mataifa yalimsujudia alikuwa mkimbizi kabla hajajua kutembea. Alivuka mpaka usiku, bila kibali, akabebwa na fundi seremala aliyeacha vifaa vyake nyuma.

Kuanzia Agosti 2017 maelfu ya Wakongo walivuka tena kuingia Nchelenge na Chiengi, wakikimbia mapigano katika mikoa ya Katanga ya Juu na Tanganyika. Kwanza walipokewa katika kituo cha muda cha Kenani. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika mwezi huu huu wa Epifania, walianza kuhamishiwa Mantapala, makazi mapya yaliyotengwa na Serikali ya Zambia katika wilaya hiyo ya Nchelenge, mahali ambapo mkimbizi angeweza kulima na watoto wake kusoma pamoja na watoto wa wenyeji. Wengi wao huzungumza Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho hakina haya ya kuchanganya maneno. Kwa hiyo lugha ya mabaraza yetu ndiyo lugha iliyotumiwa kuombea maji pale.

Yaonekana si jambo dogo kwamba nchi isiyo tajiri iliwapokea. Askari wa mpakani aliyemwona mama akishuka mtumbwini na mtoto mgongoni alikuwa na njia mbili. Angeweza kumwona ni tatizo la makaratasi. Angeweza pia kukumbuka kwamba kulikuwa na askari wa Misri, ambaye jina lake halikuandikwa, aliyemwona seremala na mke na mtoto wakiingia, naye akawaacha wapite. Injili haimtaji kabisa. Lakini wokovu wa ulimwengu ulipita mbele ya kituo chake cha zamu.

SWALI LA MWENYE SARE

Sasa twafika kwenye neno gumu, ambalo haifai kulizunguka. Herode alipoona ameshindwa kwa akili, alitoa amri watoto wa kiume wa Bethlehemu wauawe, wenye umri wa miaka miwili na waliopungua. Herode hakwenda mwenyewe. Walikwenda askari. Walikuwa watu wenye wake na watoto, waliokula posho yake, na pengine waliambiwa kuwa ni kazi ya usalama wa nchi.

Je, Ukristo wataka askari avue sare? Hapana. Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, Yohana Mbatizaji yuko mtoni Yordani, katika siku zile zile za ubatizo ambazo Makanisa ya Mashariki huzikumbuka katika Epifania. Askari wakamwendea, wakamwuliza, Na sisi tufanye nini? Hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mshahara wao. Ni mambo matatu tu. Lakini polisi anayesimama barabarani, au mgambo anayekagua mizigo ya samaki kwenye kizuizi cha kuelekea Mansa, anajua kwamba mambo hayo matatu yatosha kuijaza maisha yote.

Kuhusu amri ya kuua wasio na hatia, mamajusi wametoa jibu. Herode aliwaagiza warudi kumpa habari. Walipoonywa katika ndoto, walirudi kwao kwa njia nyingine. Hawakumtukana mfalme, hawakuchochea ghasia, hawakuiba hazina yake. Walikataa tu kuwa macho yake. Na dunia imechukua muda mrefu kuyaandika hayo katika sheria: katika kesi za Nuremberg za mwaka 1945 na 1946, waliosema walitii amri tu hawakusamehewa kwa neno hilo, na Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 wasema wazi kuwa amri ya kutenda mauaji ya halaiki au uhalifu dhidi ya binadamu ni haramu kwa dhahiri. Askari mwema hutii, na utii ndio uti wa mgongo wa jeshi. Lakini utii una mpaka wake, na mpaka huo umechorwa na mtoto wa Bethlehemu.

TAIFA NA JINA LA MUNGU

Zambia yenyewe imepata kulijaribu swali hili kwa namna ya pekee. Tarehe 29 Desemba 1991 Rais Frederick Chiluba, aliyesoma Kawambwa katika mkoa huu huu wa Luapula, alitangaza kuwa Zambia ni taifa la Kikristo, na mwaka 1996 neno hilo liliingizwa katika utangulizi wa Katiba. Wengi walifurahi. Wengine, wakiwamo viongozi wa makanisa makubwa, walisikitika kuwa hawakushauriwa, na wakauliza kama taifa huwa la Kristo kwa tangazo au kwa matendo.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2001, ulipozuka mpango wa kumwongezea Rais kipindi cha tatu, makanisa hayo yaliungana na wanasheria na akina mama kuupinga. Mpango ukaachwa, naye Chiluba akaondoka madarakani Januari 2002. Yaani serikali iliyojiita ya Kikristo ilizuiwa na Wakristo wenyewe. Hapana kinyume hapo. Mamlaka ikilitaja jina la Mungu, imekubali kupimwa nalo. Herode pia alijenga hekalu, tena hekalu zuri. Lakini Mtoto hakupatikana humo.

NYOTA JUU YA NYUMBA

Mathayo aandika jambo moja dogo ambalo wachoraji wa kadi za Krismasi hulisahau. Hasemi kuwa mamajusi waliingia zizini. Asema waliingia nyumbani, wakamwona Mtoto pamoja na Mariamu mama yake, wakaanguka chini wakamsujudia. Nyota ilipita juu ya jumba la Herode, ikapita juu ya Hekalu, ikaenda kusimama juu ya nyumba ya familia.

Kwa hiyo Epifania ina swali kwa kila nyumba ya kambi na ya kota. Yuko baba ambaye mchana kutwa hupokea amri na kutoa amri. Jioni akivuka kizingiti huendelea kutoa amri, na watoto husimama wima kama wako kwenye gwaride. Wanajua mlio wa buti zake kabla hajabisha hodi, na nyumba hunyamaza. Mtu huyo anaweza kudhani kuwa anaheshimiwa. Herode naye alidhani hivyo. Wenye elimu na mali walipiga magoti mbele ya mtoto bila kupoteza heshima yao hata chembe. Baba naye hapotezi cheo akichuchumaa kumfunga mwanawe kamba za viatu, au akimwomba mkewe radhi watoto wakisikia.

Yuko pia mama ambaye mumewe yuko zamu mbali, naye ndiye mlinzi wa nyumba peke yake. Hana silaha. Anayo taa, chungu na sala. Huyo na akumbuke kwamba Mama Anderson alitangulia mbele ya mfalme bila kuwa na zaidi ya hayo. Zawadi za mamajusi nazo si lazima zitoke mbali. Kusema kweli pale uongo ungemfaa mtu ni dhahabu. Kumwombea adui ni uvumba. Kumwuguza mgonjwa asiyepona ni manemane, kwani ndiyo iliyotumika kuwahifadhi wafu. Hata ndugu zetu Waislamu, wanaomheshimu Nabii Isa na mama yake Mariamu, hawatakosa kuuona wema huo wakiuona jirani.

Katika pwani ya Mweru, msimu wa uvuvi ukifunguliwa, usiku usio na mbalamwezi wavuvi huwasha taa juu ya maji ili kuvuta chisense, dagaa wadogo wa ziwa lile. Ziwa ni pana kilomita nyingi, na taa ya mtumbwi mmoja ni ndogo kama punje. Haimlazimishi samaki hata mmoja. Haipigi kelele, haifukuzi, haina nguvu yoyote isipokuwa kuwaka. Na bado, toka vilindini, maelfu huifuata.

Hivyo ndivyo Mungu alivyochagua kutawala. Bunduki zilizofyatuliwa Bunkeya zimekwisha kuliwa na kutu, na hakuna ajuaye aliyeishika kila moja. Lakini tarehe 6 Januari, huko Nchelenge, mvua ikinyesha juu ya mabati, mtu atasimama kanisani na kusoma upya habari za nyota. Na miongoni mwa wanaosikiliza watakuwapo askari, wavuvi wasio na kazi mpaka Machi, na mkimbizi aliyekuja kwa mtumbwi. Ibada ikiisha, kila mmoja atarudi kwake. Waliokutana na Mtoto walirudi kwa njia nyingine; nasi tukirudi nyumbani, wa nyumbani mwetu watakuwa wa kwanza kujua kama njia yetu imebadilika.